Chifu na Daktari: Hospitali ya Kisii na Wagonjwa Iliochelewa Kuwapokea

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii huhesabu umri wake kuanzia 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ilipofunguliwa kama kituo kidogo cha serikali ya kikoloni cha kuwatibu askari. Mji wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka 10. Afisa wa kikoloni G. A. S. Northcote alipiga kambi hapo 1907. Januari 1908 Otenyo, mpiganaji wa Wagusii, wenyeji wa eneo hilo, alimchoma mkuki, na Waingereza wakalipiza kisasi kwa kuchoma maboma na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Septemba 1914 Wajerumani wakavuka mpaka, wakaushika mji kwa muda mfupi, wakarudishwa. Hospitali iliyozaliwa katika hali hiyo ilikuwa mali ya kambi kabla ya kuwa mali ya wananchi. Tangu hapo imepanda ngazi: ikawa hospitali ya wilaya, ikawa ya kiwango cha tano, na leo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kisii hujifunzia humo, huku wagonjwa wakiletwa kutoka Nyamira, Migori, Homa Bay, Bomet na upande wa Trans Mara. Historia hiyo ya majengo na vyeo imesimuliwa vya kutosha, na itasimuliwa tena kila pazia la bamba la ufunguzi litakapovutwa. Haijasimuliwa vya kutosha ile ya watu ambao taasisi hii ilichukua muda mrefu kuwakubali kuwa wagonjwa: aliyerukwa na akili, aliyezama katika pombe, aliyekunywa dawa ya kupulizia mimea akaokolewa dakika ya mwisho.

Maelezo ya kawaida kuhusu watu hao ni kwamba jamii yenyewe ndiyo iliyokataa kuwaleta. Mgusii, tunaambiwa, anaamini uchawi, familia huona haya, mgonjwa hufichwa. Naona maelezo hayo yanabeba ukweli kidogo na kuficha ukweli mkubwa. Kisii na Nyamira zilikosa huduma ya afya ya akili hasa kwa sababu serikali, tangu ukoloni hadi baada ya uhuru, iligawa tatizo moja kwa ofisi mbili. Wazimu ulipewa daktari aliyekuwa mbali sana, na ulevi ukapewa chifu aliyekuwa karibu sana. Familia ilipokuwa na mtu mmoja mwenye yote mawili, kama inavyotokea mara nyingi, haikuwa na mlango wa kubisha. Hospitali ya Kisii ilikuja kuwa mlango huo polepole, bila kupangiwa, na kwa kiasi fulani bila kupenda.

Tuanze na daktari wa mbali. Hospitali ya wendawazimu ya Nairobi ilifunguliwa 1910, na tangu 1924 ikajulikana kama Mathari. Kwa nusu karne mtu wa Kisii aliyehitaji kulazwa kwa ugonjwa wa akili alikuwa na Mathari tu, safari ya kilomita 300 hivi. Na waliosafirishwa hawakuwa lazima wale walioteseka zaidi, bali wale waliousumbua utawala zaidi. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa huko Bungoma, alipelekwa Mathari 1945 kwa sababu iliyokuwa na siasa nyingi kuliko tiba. Gusii nayo ilikuwa na dini ya Mumbo, iliyoanzishwa 1913 na Onyango Dunde huko Alego na kusambaa haraka hadi milima ya kusini. Maafisa waliieleza kama kichaa cha watu waliodanganyika, wakawapeleka viongozi wake uhamishoni. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, ndiye ambaye baadaye serikali ilimwomba aieleze Mau Mau, na ripoti yake ya 1954 iligeuza madai ya ardhi kuwa kasoro ya akili ya Mwafrika. Wauguzi wa Mathari walifanya kazi ngumu ambayo si haki kuidharau. Hata hivyo, mzazi wa Kisii aliyeona gari la serikali likimchukua mwanawe hakuwa na njia ya kutofautisha hospitali na kifungo, wala serikali haikufanya bidii kumwonyesha tofauti.

Hapa ndipo hoja ya kwamba jamii iliikataa tiba inapoanza kuyumba, maana Gusii ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako upasuaji wa kichwa wa kienyeji uliendelea hadi karne ya 20. Ababari, mafundi waliorithishana ujuzi katika familia, walipasua ngozi ya kichwa, wakakwangua mfupa wa fuvu taratibu hadi karibu na utando wa ubongo, kisha wakakiuguza kidonda. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu upasuaji huo, na madaktari waliowachunguza waliopasuliwa walichapisha taarifa yao 1985. Wageni wengi waliposikia habari hizo walidhani kichwa kilipasuliwa ili pepo atoke. Taarifa za madaktari zinasema jambo la kawaida zaidi: wengi walikwenda kwa omobari kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyoisha baada ya kipigo au kuanguka. Sipendekezi mtu yeyote apasuliwe kwa njia hiyo leo. Hatari zake hazihitaji kuelezwa. Ninachosema ni kwamba jamii iliyokuwa tayari kulipa fundi na kuvumilia kisu bila nusukaputi ya hospitali haiwezi kuelezwa kama jamii inayokimbia tiba ya kichwa. Ilimfuata mtabibu aliyekuwa karibu, aliyefahamika kwa jina na ukoo, na ambaye mgonjwa aliweza kutoka kwake akarudi nyumbani. Sifa hizo tatu Mathari haikuwa nazo.

Ofisi ya pili ni ya chifu. Busaa ya wimbi, ambayo Wagusii huiita amarwa, ilikuwa na mahali pake katika maisha ya watu: ilinywewa kwa mirija mirefu, wazee wakiizunguka nyungu moja, na ilikuwa na majira yake kwa kuwa wimbi lenyewe lina majira. Pombe ya kuchemshwa na kukingwa mvuke ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Kenya ujuzi huo ulitokana na familia za askari wa Kinubi, ambao waliachwa katika miji ya utawala na ambao jina lao bado limo katika mtaa wa Nubia mjini Kisii. Karibu kipindi chote cha ukoloni Mwafrika alikatazwa pombe kali ya chupa, kwa hiyo chang'aa ilikua kama pombe ya kificho, na baada ya uhuru ikaendelea hivyo. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku kabisa. Kwa miaka 30 iliyofuata kazi ya chifu na askari wake ilikuwa kuvizia, kumwaga na kukamata. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni, chupa na saa za kuuza, lakini mpika pombe wa kijijini hakuwa na uwezo wa kuyatimiza, na msako ukabaki vilevile.

Wakati huohuo sababu za kunywa ziliongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii kuna zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na hawa ni wakulima, si watu wa maghorofa. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hadi mjukuu amebaki na kipande kinachotosha nyumba, kaburi na mistari michache ya chai. Pareto, iliyowahi kulipa karo za shule, ilianguka. Mtafiti wa Denmark Margrethe Silberschmidt, aliyefanya kazi Kisii kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake 1999, alionyesha jinsi wanaume walivyobaki na cheo cha kichwa cha nyumba huku njia za kukitimiza cheo hicho zikiwa zimetoweka, na jinsi pombe ilivyoingia katika pengo hilo. Wanawake ndio waliobeba nyumba, na baadhi yao waliibeba kwa kupika chang'aa. Angalia basi msako wa chifu unapofika: unamwaga karo ya mtoto na kumpeleka mama korokoroni, wakati mume wake mwenye uraibu anatafuta tone katika boma linalofuata. Kila Oktoba, KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, inapolipa bonasi ya majani chai, mzunguko huo huongezeka kasi, na hakuna anayeshangaa.

Hospitali ilikutana na matokeo ya mzunguko huo kupitia wodi ambazo hazikutengwa kwa ajili yake. Chukua wodi ya mifupa. Mwanamume analetwa usiku baada ya ajali ya boda boda, paja limevunjika, pumzi inanuka pombe. Anafungwa, anapewa dawa ya maumivu, anawekwa maji ya mshipa. Siku ya kwanza ametulia na familia inashukuru. Siku ya pili mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakimbia. Usiku wa tatu anapukuta shuka kuondoa wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona, anang'oa mpira wa maji, anataka kusimama kwa mguu uliovunjika. Muuguzi aliye peke yake na wodi nzima anamfunga kwa shuka kitandani. Mzee aliye kitanda cha jirani anasema amerogwa. Ndugu wanaanza kuulizana ni nani aliyegombana naye. Kumbe mwili uliozoea pombe kila siku umenyimwa ghafla, na ubongo umeshtuka. Hali hiyo huua isipotibiwa, na tiba yake inajulikana: dayazepamu kwa kipimo cha kushuka pole pole, vitamini B1, maji, chumba chenye mwanga na mtu wa kuzungumza naye. Dawa hizo si za ajabu na si ghali. Kinachohitajika zaidi ni swali moja siku ya kulazwa, la mara ya mwisho alikunywa lini na hunywa kiasi gani, na mtu wa kuliuliza bila kuhukumu. Hapo fundi wa mifupa anahitaji muuguzi wa magonjwa ya akili, na hapo ndipo mgawanyo wa ofisi mbili unapovunjika wenyewe, kwa kuwa mgonjwa ni mmoja.

Sheria ilikuwa imeshaliona jambo hilo mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni, ilimhesabu mtu ambaye akili yake imeharibiwa na pombe au dawa za kulevya kuwa miongoni mwa wenye ugonjwa wa akili. Lakini sheria hiyohiyo ilimpa polisi, chifu na naibu wa chifu uwezo wa kumshika mtu wanayeamini ni mgonjwa na kumfikisha hospitalini. Hivyo hata pale daktari alipopewa haki ya kumpokea mlevi, njia ya kumfikia ilipita kwa yule yule aliyemwaga pombe yake wiki iliyopita. Jaribio la kujiua lilikuwa na sura hiyo pia: kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kililifanya kosa, kwa hiyo mtu aliyesafishwa tumbo hospitalini baada ya kunywa sumu ya mimea aliweza kutoka wodini akapelekwa kortini. Ilichukua hadi 9 Januari 2025 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuficha ugonjwa ambao serikali yenyewe iliuandika katika orodha ya makosa.

Katika mazingira hayo, wodi ya wagonjwa wa akili ya Kisii na kliniki yake vilifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wao. Kuwepo kwavyo kulimaanisha kwamba safari ya Mathari haikuwa tena ya lazima kwa kila mtu. Kazi ya kliniki ya namna hii katika Kenya haina mvuto wa kuandikwa magazetini. Ni foleni ya asubuhi ya watu waliokuja kwa sindano ya mwezi, fluphenazine, inayomwezesha mwenye skizofrenia kuishi nyumbani bila kumeza vidonge kila siku. Ni wazazi wa watoto wenye kifafa, kwa kuwa kifafa katika hospitali zetu mara nyingi hutibiwa kwenye kliniki ya akili. Ni mke aliyemleta mume wake baada ya kumdanganya kwamba wanakwenda kupima malaria. Kipimo cha mafanikio hapo ni kwamba mtu alirudi mwezi uliofuata. Na watu hurudi, dawa ikiwepo. Dawa isipokuwepo, anaambiwa akanunue nje. Aliyetoka Borabu au Nyamache kwa nauli ya kukopa hatakuja mara ya tatu, na miezi michache baadaye ndugu zake watamleta akiwa amefungwa kamba. Atakayemwona wakati huo ataandika kwamba familia ilichelewa kwa sababu ya imani potofu.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Desemba 2017 inaonyesha kwamba hali hiyo haikuwa ya Kisii peke yake. Kati ya hospitali 284 za kiwango cha nne na kuendelea, ni 29 tu zilizotoa huduma za afya ya akili; kaunti 25 kati ya 47 hazikuwa na wodi ya akili hata moja; madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa 92 nchi nzima mahali palipohitajika 1,533, na wauguzi wa fani hiyo 327 badala ya 7,666. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na Juni 2022 sheria ya 1989 ikafanyiwa marekebisho yanayozitaka kaunti zitoe huduma hiyo hadi vituo vya chini. Sheria ni nzuri. Lakini kaunti zilizopewa hospitali 2013 zilipokea pia upungufu uliokusanyika kwa miaka mia, na Nyamira, yenye hospitali yake ya kaunti, bado rufaa zake nzito huelekea Kisii.

Kuna watakaosema kwamba mlevi na mgonjwa hawafai kuwekwa katika kapu moja. Mwenye skizofrenia hakuchagua, watasema, lakini mlevi aliinua kikombe mwenyewe. Kwa nini pesa za umma zitumike kwake huku kina mama wakilala wawili kitandani? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa kwa maneno ya semina. Ni kweli kwamba kikombe cha kwanza ni hiari. Lakini hospitali haijawahi kuuliza swali la hiari kwa wagonjwa wengine. Haimnyimi kitanda dereva wa boda boda aliyekataa kuvaa helmeti, wala haimfukuzi mwenye kisukari aliyekula asichopaswa. Zaidi ya hapo, mlevi asiyetibiwa haondoki katika bajeti. Anarudi kwa mlango mwingine, akiwa na ini lililoharibika, au mke mwenye majeraha, au mtoto aliyeacha shule. Novemba 2000, pombe yenye sumu iliwaua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Huo ulikuwa mwaka wa 20 wa marufuku. Ikiwa msako ungekuwa tiba, tungekuwa tumeshapona.

Wengine wanakubali kwamba uraibu ni ugonjwa, kisha wanadai kila kaunti ijengewe kituo kikubwa cha kurekebisha tabia. Wanasiasa hulipenda wazo hili kwa sababu lina jiwe la msingi. Vituo vya aina hiyo vina faida yake. Kile cha Asumbi katika Homa Bay, kilichoanzishwa chini ya Kanisa Katoliki, kimewapokea waraibu wa eneo hili zima kwa miongo kadhaa, na wapo waliotoka humo wakasimama imara. Ila hesabu haikubali. Kituo cha kulaza mtu kwa miezi mitatu kitahudumia makumi ya watu kwa mwaka, katika kaunti mbili zenye karibu watu milioni mbili, na mwenye nafasi ya kukaa miezi mitatu bila kuchuma chai ya familia ni mwajiriwa wa serikali au mwana wa tajiri. Halafu anarudi kijijini kulekule, kwa marafiki walewale, bila mtu wa kumwona Jumatatu inayofuata. Ningechagua muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili katika kila kaunti ndogo, mwenye pikipiki na kabati la dawa lisilokauka, kabla ya jengo lolote jipya.

Pingamizi la tatu ni lile la uchawi, na linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu Gusii imelipa gharama yake kwa damu. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa hivyohivyo huko Marani. Sidai kwamba waliouawa walikuwa wagonjwa. Hatuna haki ya kuwatibu marehemu kwa kubahatisha, na nyuma ya tuhuma za uchawi mara nyingi huwa kuna mgogoro wa shamba. Lakini fikiria dalili za ugonjwa wa kusahau uzeeni: bibi anatoka usiku bila kujua aendako, anapatikana mlangoni pa jirani akiwa nusu uchi, anasema maneno yasiyoeleweka, hawatambui wajukuu. Katika kijiji ambacho hakuna mtu aliyefundishwa kutambua ugonjwa huo, maelezo pekee yaliyopo ndiyo yatakayotumika. Hapa imani ya uchawi ni halisi na ni hatari. Hata hivyo, imani huingia pale maelezo mengine hayajafika, na wajibu wa kuyafikisha ni wa taasisi. Kifua kikuu nacho kiliwahi kuitwa laana ya ukoo. Hakikuacha kuitwa hivyo kwa sababu ya mahubiri dhidi ya ushirikina, bali kwa sababu watu waliona majirani waliotumia vidonge wakipona.

Nani basi atakayeyafikisha? Utafiti uliofanywa Maseno, karibu na Kisumu, ulikuta kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 10 ana dalili za sonona au wasiwasi unaohitaji msaada. Kwa kipimo hicho madaktari 92 hawatoshi hata wakigawanywa nusu nusu. Njia iliyoonyesha matumaini ni ya kuwafundisha watu wasio madaktari. Huko Eldoret, mtafiti Rebecca Papas na wenzake waliwafundisha watu wa kawaida kuendesha vikao vya ushauri, kwa Kiswahili, kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wenye tatizo la pombe, na matokeo ya jaribio lao, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba waliopata vikao hivyo walipunguza siku za kunywa kuliko wenzao waliopewa elimu ya afya ya jumla. Harare, Zimbabwe, akina bibi waliofundishwa na Dixon Chibanda huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio la 2016 lilithibitisha kwamba mazungumzo yao yanapunguza sonona. Kenya tayari ina wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliokabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023, wakiwemo wa Kisii na Nyamira, wanaoingia kila boma na kufahamu ni nani hajaonekana kwa wiki mbili.

Nina shaka moja na wazo hilo, na ni shaka ya haki kwa wahudumu wenyewe. Tumezoea kumrundikia mhudumu wa jamii kila jambo jipya kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi: shinikizo la damu, chanjo, usajili wa bima, na sasa uraibu. Mtu hawezi kubeba siri ya jirani aliyetaka kujinyonga bila kuwa na wa kumpigia simu usiku huo. Mpango wa namna hii unasimama tu ikiwa nyuma ya mhudumu yupo muuguzi, nyuma ya muuguzi ipo kliniki, na nyuma ya kliniki ipo wodi ya Kisii yenye kitanda. Hapo ndipo hospitali ya rufaa inapata kazi inayolingana na jina lake: kufundisha na kusimamia watu wa vituo vya Keroka, Ogembo, Manga na Nyansiongo, na kupokea wale wachache tu ambao hali imewazidi. Mwanafunzi wa udaktari wa Kisii anayemaliza masomo bila kuketi katika kliniki ya namna hiyo amekosa nusu ya wagonjwa wake wa kesho.

Linabaki swali la pesa, ambalo kila mhasibu wa kaunti atalitoa kwanza. Bima mpya ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, inategemea michango, na mwenye uraibu asiye na kazi ndiye atakayekuwa wa mwisho kuchangia. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kaunti huduma za afya na likaipa pia utoaji wa leseni za pombe. Mamlaka yanayokusanya ada kutoka kila baa kati ya Suneka na Nyamira mjini ndiyo yanayonunua dawa za kliniki ya akili. Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla ya bajeti kupitishwa, na vikao hivyo huitishwa kila mwaka, mara nyingi ukumbini kukiwa na viti vingi vitupu. Atakayehudhuria aulize leseni za pombe ziliingiza shilingi ngapi, dawa za akili zilitengewa shilingi ngapi, na ni miezi mingapi mwaka uliopita ambayo watu waliokuja kwa sindano ya mwezi waliambiwa wakanunue nje.